Mlima Pierce wakati wa theluji: mwongozo wa kutembea kutwa kwa kundi la akina dada wanaoanza

Kila Novemba maswali ni yale yale. "Nivae suruali ngapi?" "Buti zangu za kazini zitafaa?" "Haja ndogo tunajisaidiaje kwenye theluji?" Yanatoka kwa akina dada walioko Marekani, Portland na Lewiston za Maine, Manchester na Concord za New Hampshire, wengi wao waliokulia Bukavu, Bujumbura au Kigoma. Milima si migeni kwao. Kigeni ni baridi inayogandisha maji ndani ya chupa. Mwongozo huu unajibu kwa mlima mmoja tu, kwa sababu ushauri wa jumla humfanya mtu abebe vitu kumi asivyovihitaji na kusahau viwili ambavyo angevililia.

Mlima wenyewe ni Pierce, katika White Mountains za New Hampshire, wenye urefu wa futi 4,310, yaani mita 1,314 hivi. Njia ni Crawford Path, iliyokatwa mwaka 1819 na Abel Crawford na mwanawe Ethan. Kwenda ni maili 3.1 (kilomita 5), na unapanda mita 730 hivi. Tumeuchagua kwa sababu miti inakukinga na upepo karibu njia nzima, na sehemu ya wazi ni ile ya mwisho tu, karibu na kilele. Pia watu wengi hupita hapo wakati wa baridi, hivyo mara nyingi theluji huwa imeshakanyagwa ikashikana. Lakini usiudharau. Uko kwenye safu moja na Mlima Washington, ambako tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa upepo wa maili 231 kwa saa.

Nadharia ni fupi. Mtu anayetembea hutoa joto jingi, na joto hilo likizidi hugeuka jasho. Jasho hulowesha nguo, ukisimama nguo ile mbichi inakuvuta joto lote. Wanaotetemeka mlimani mara nyingi si waliovaa nguo chache, ni waliovaa nyingi mno wakati wa kupanda.

KABLA YA KUANZA

Kundi

Muwe wanne hadi wanane. Mkiwa wanne, mmoja akivunjika mguu, mwenzake anabaki naye na wawili wanashuka pamoja kutafuta msaada. Mkizidi wanane, wa mbele wanaganda wakisubiri wa nyuma kila baada ya dakika kumi. Kila mmoja awe ameshatembea kilomita 8 kwenye tambarare bila kuteseka kesho yake. Asiyeweza bado, aanze na matembezi ya mjini kwa wiki nne au tano, mlima hauhami.

Gaweni kazi tatu kabla ya siku. Wa mbele ndiye anayeshika mwendo na ramani. Wa mwisho, mkia, hapitwi na mtu yeyote hata kidogo. Mtunza saa kazi yake ni kusema "dakika arobaini zimepita, kuleni" na "muda umekwisha, tunageuka", na akisema hivyo habishaniwi. Dada mwenye mwendo mdogo kuliko wote hutembea wa pili, nyuma ya wa mbele. Kumweka nyuma ndilo kosa la kwanza la makundi mengi: kila akiwafikia mmeshapumzika, mnaondoka, na yeye hapumziki kutwa nzima.

Siku

Soma utabiri wa vilele vya juu unaotolewa na Mount Washington Observatory, jioni ya kuamkia safari na tena asubuhi. Utabiri wa simu yako ni wa mjini, kule bondeni. Kwa wanaoanza, ahirisheni kama:

– upepo wa vileleni unatarajiwa kuzidi maili 50 kwa saa (kilomita 80);
– joto la vileleni litakuwa chini ya nyuzi -20 za Selsiasi;
– usiku imeanguka theluji mpya ya zaidi ya sentimita 15, maana njia haijakanyagwa na muda unaweza kuongezeka maradufu;
– kuna mvua na joto liko karibu na sifuri.

Hilo la mwisho watu hulibishia. Theluji kavu kwenye nyuzi -10 unaikung'uta tu begani. Mvua ya nyuzi 1 inakulowesha hadi ndani, na huko huna pa kujianika.

Utabiri huo unahesabu vilele virefu kuliko Pierce, kwa hiyo namba zake ni kali kidogo. Zichukue zilivyo, usizipunguze kichwani. Ili uelewe uzito wake: nyuzi -15 pamoja na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi -29, na ngozi hiyo inaweza kuganda ndani ya nusu saa hivi.

Kwa mara ya kwanza, chagueni mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Desemba jua huzama kama saa kumi na dakika kumi jioni, wakati mwisho wa Februari mna hadi kama saa kumi na moja na nusu. Tatizo ni kwamba miaka hii Ramadhani inaangukia huko huko. Msifanye safari hii mkiwa mmefunga. Mwili unahitaji chakula na maji kila dakika 40 ili utoe joto, kwa hiyo wekeni tarehe kabla au baada.

Nguo

Pamba ibaki nyumbani. Jinzi, fulana za kawaida, soksi za soko na hata sidiria za pamba. Sidiria husahauliwa kila mara, nayo ndiyo inayokaa juu ya kifua ikiwa mbichi kutwa. Vaa ya michezo ya polyesta. Kisha:

– fulana ya ndani ya mikono mirefu na taitsi, za sufu ya merino au polyesta, zinazokaribia ngozi bila kubana;
– sweta la flisi;
– jaketi la kuzuia upepo na maji, lenye kofia pana, pamoja na suruali ya juu ya aina hiyo hiyo;
– jaketi nene lililojazwa manyoya ya bata au nyuzi za polyesta, la kukaa ndani ya begi na kutoka mkisimama tu;
– soksi za sufu, jozi moja miguuni na moja ya akiba. Usivae jozi mbili kwa pamoja; zinabana buti, damu haifiki vidoleni, na miguu inazidi kuwa baridi;
– glavu nyembamba, na juu yake glavu za kifuko, zile zenye kidole gumba peke yake. Beba jozi ya akiba ya zote mbili. Glavu hulowa kuliko kitu chochote;
– boshori ya sufu, na kitambaa cha duara cha shingoni kinachoweza kupandishwa hadi puani;
– miwani ya jua, na kama mnayo, ile ya kuziba ya kuzuia upepo. Theluji inarudisha mwanga machoni kama kioo, na ngozi nyeusi haikingi macho.

Kwa wanaojifunika: hijabu ya pamba au ya shifoni chini ya boshori hulowa jasho na kuganda ukingoni. Kofia nyembamba ya polyesta ya kukimbilia pamoja na kile kitambaa cha shingoni vinafunika vilevile. Mwenye rasta au nywele nzito ajaribu kofia ya jaketi juu ya nywele zake dukani kabla ya kulipa, kwani nyingi hazifungi. Nywele zisioshwe usiku wa kuamkia safari, rasta ndefu haikauki hadi asubuhi. Vua hereni kubwa na bangili za chuma, chuma hupitisha baridi moja kwa moja kwenye ngozi. Shanga za kiunoni hazina neno, ila mkanda wa begi ukizikalia zitakuuma kuanzia maili ya kwanza.

Miguuni

Buti za theluji zisizopitisha maji, zenye kitambaa cha joto ndani, na nafasi ya kuchezesha vidole vyote vitano ukiwa na soksi. Buti za mvua za mpira hazifai kabisa.

Juu ya buti unahitaji vitu viwili, na hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Theluji ikiwa imekanyagwa na kuwa ngumu, au kuna barafu, valia maikrospaiki, ile minyororo yenye meno ya chuma inayonyooshwa juu ya buti kama mpira. Mguu ukianza kuzama kupita kifundo, vaa viatu vipana vya theluji. Ukitembea bila hivyo unachimba mashimo, unachoka mara tatu, na wanaokuja nyuma yako wanavunjikia miguu humo. Beba vyote viwili hata kama asubuhi njia inaonekana ngumu, kwa sababu jua la mchana hulainisha. Viatu vipana hukodishwa kwenye maduka ya vifaa vya milimani ya North Conway. Piga simu siku mbili kabla, Jumamosi huisha. Fimbo mbili za kutembelea ziwe na visahani vipana chini.

Begi

Lita 30 hadi 40. Ndani yake kila mmoja: tochi ya kichwani yenye betri mpya, firimbi, ramani ya karatasi, kiberiti, blanketi la dharura la karatasi ya fedha, kipande cha mkeka wa sponji cha kukalia, mafuta ya mdomo na ya jua, mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, karatasi za chooni, dawa zako. Kwa kundi zima: dira na mtu anayejua kuitumia, sanduku la huduma ya kwanza, pawabenki, na mfuko mmoja wa kulalia. Mtaulalamikia uzito wa huo mfuko wote, na msiuache.

Na khanga moja. Haivaliwi, kwa kuwa ni pamba, ila hubebwa: ndiyo pazia la kujisaidia, kombeo la mkono ulioteguka, na kifungio cha karibu kila kitu.

Chakula na maji

Lita mbili kila mtu. Moja iwe chai ya tangawizi yenye sukari nyingi ndani ya chupa ya chai, nyingine maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ya mdomo mpana. Chupa hiyo iviringishe soksi na kuilaza kichwa chini. Barafu huanza kutengenezwa juu, kwa hiyo mdomo unabaki wazi. Mipira ya kunyonyea maji huganda ndani ya saa moja, iacheni.

Chakula kiwe cha kuliwa na glavu mkononi, kimekatwa vipande nyumbani. Mandazi, visheti, kashata, tende zilizotolewa kokwa, karanga, chapati iliyokunjwa na siagi ya karanga. Ndizi na machungwa huganda, na chokoleti ngumu huvunja meno. Wali na sambusa viachwe ndani ya gari, vitakuwa vitamu zaidi jioni.

HATUA

1. Jioni ya kuamkia. Mwandikie mtu anayebaki nyumbani: njia mnayopita, majina yenu wote, gari na mahali mtakapoliegesha, na saa ambayo akiwa hajasikia kitu apige 911. Iwe saa moja usiku. New Hampshire inaweza kumdai mtu gharama za uokoaji ikiona alifanya uzembe. Kadi ya Hike Safe ya Fish and Game, idara ya jimbo ya uvuvi na wanyamapori, dola 25 kwa mtu au 35 kwa familia kwa mwaka, inawaondolea deni hilo kwa ajali za kawaida na pesa yake inaendesha uokoaji.

2. Alfajiri. Kunywa uji mzito au kula wali wa jana, chai peke yake haitoshi. Mkitoka Portland, barabara ya 302 inawafikisha Crawford Notch, bonde ambako njia inaanzia, kwa kama saa mbili, lakini hesabuni mbili na nusu kwa theluji. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, tangi likiwa limejaa. Buti zikae ndani ya gari penye joto. Zikilala kwenye buti la gari zitakuwa barafu, na miguu iliyoanza siku ikiwa baridi ni nadra kupata joto.

3. Maegesho. Lengeni kuanza kutembea saa mbili asubuhi. Baadhi ya maegesho ya msitu huu hutozwa ada ya siku, kwa hiyo soma ubao na uwe na noti ndogo. Tumieni choo cha ndani mahali pa mwisho mlipoegesha njiani, kila mtu, hata anayesema hana haja. Vaeni maikrospaiki mkiwa mmekaa garini. Mkia akague kwa macho: glavu za akiba, tochi, chupa mbili. Kisha vua sweta la flisi. Ndiyo, hapo hapo penye baridi. Ukianza ukiwa umestarehe, utalowa baada ya dakika kumi. Uanze ukisikia baridi kidogo, ya kumfanya mtu aseme "twendeni basi".

4. Dakika kumi na tano za mwanzo. Njia inavuka kijito cha Gibbs na kuingia msituni. Simameni baada ya dakika kumi na tano, lazima. Kaza buti, legeza kilichobana, punguza nguo moja ukiona unyevu mgongoni. Weka mkono ndani ya fulana kwapani: pakiwa pabichi, umevaa nyingi.

5. Mwendo. Mwendo sahihi ni ule ambao mtu anaweza kusimulia umbea mzima bila kukatisha kwa kuhema. Mkinyamaza wote mmekwenda mbio, na wa mbele apunguze. Kanyaga kwa unyayo mzima ili meno yote yashike. Kupanda kwa ncha za vidole huchosha mashavu ya miguu ndani ya saa moja.

6. Kula na kunywa kila dakika 40. Kiu haiji kwenye baridi, ndiyo maana kuna mtunza saa. Mkisimama tu, jambo la kwanza kabla ya kushusha pumzi ni kutoa jaketi nene na kulivaa juu ya kila kitu. La pili kunywa, la tatu kula. Dakika tano, jaketi linarudi begini, mnaondoka. Vituo virefu ndivyo vinavyoharibu siku, na chanzo chake ni simu.

7. Haja. Usijibane. Anayejibana huacha kunywa, na asiyekunywa hupoa haraka. Toka njiani na mbali na kijito, lakini usisogee karibu na misunobari midogo iliyofunikwa nusu: chini ya matawi yake kuna uwazi, na unaweza kuzama hadi kifuani. Jaribu kwa fimbo kwanza. Mwenzako ashike khanga upande wa njia. Glavu zikae ndani ya jaketi lako kifuani, zisiwekwe juu ya theluji. Karatasi iingie kwenye mfuko wa zipu na kurudi mjini, kwani ukiifukia itaibuka Aprili. Walio kwenye hedhi wavae pedi mpya garini, wabebe mbili za ziada na mfuko wao wa zipu. Kikombe cha hedhi kinahitaji mikono safi na yenye joto, kwa hiyo siku hii pedi ni rahisi zaidi.

8. Makutano ya Mizpah Cutoff, maili 1.9. Hapa ndipo pa kuamua. Kila mmoja ajibu maswali matatu, mawili ya kwanza kwa sauti: vidole vya miguu unavihisi? Umekunywa nusu ya chupa moja? Ungependa kugeuka? Swali la tatu liulizwe kwa faragha na mkia, mmoja mmoja. Sisi tumelelewa tusiwaharibie wenzetu safari, na "mimi niko sawa" ya dada mstaarabu ndiyo kauli ya hatari kuliko zote mlimani. Mmoja akitaka kushuka, mnashuka wote, au mkiwa wanne au zaidi mnagawanyika, kila upande wasipungue wawili, na si vinginevyo. Kibanda cha Mizpah Spring kilicho mwisho wa njia ya pembeni hufungwa wakati wa baridi. Msikitegemee kama kimbilio.

9. Kabla miti haijaisha. Miti inaanza kufupika, kisha inafika kiunoni. Simameni pale ambapo bado ni mirefu kuliko ninyi na mvae kila kitu: flisi, jaketi la upepo, glavu za kifuko, kitambaa hadi puani, miwani. Kosa la kusema "nitavaa nikifika" hulipiwa hapo hapo, kwa sababu kwenye upepo huwezi kufunga zipu na vidole vimeshakataa. Glavu ikipeperuka juu, imekwenda. Wanaoswali, Adhuhuri huwakuta karibu na hapa. Swalini chini ya miti, juu ya mikeka ya sponji, na sio kileleni.

Angalieni saa. Desemba mgeuke saa saba mchana popote mlipo, mwisho wa Februari saa nane. Kuwa mita mia mbili kutoka kileleni hakubadilishi kitu.

10. Kileleni. Njia inakutana na Webster Cliff Trail, na kilele kipo umbali mdogo kulia. Dakika kumi tu. Siku ikiwa wazi utaona Mlima Eisenhower mbele na Washington nyuma yake, imevaa barafu nyeupe. Simu itoke mfuko wa ndani, ipige picha, irudi. Betri iliyokaa nje hushuka ghafla hadi sifuri hata kama ilionyesha 60. Kuna ndege wa kijivu hapo wasioogopa watu, na wanaweza kukunyang'anya andazi kutoka kwenye vidole vyako. Wengine huona ni raha ya safari nzima. Lishikeni vizuri mkitaka kulila.

11. Kushuka. Kaza buti juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Punguza nguo mkirudi msituni, ila moja moja, maana sasa mwili hautoi joto kama wakati wa kupanda. Magoti yakunjike kidogo, fimbo zitangulie. Msiteleze kwa makalio mkiwa na maikrospaiki miguuni: jino likinasa, mwili unaendelea na kifundo kinabaki. Ajali nyingi huja hapa, watu wamechoka na wanafikiria sambusa.

12. Garini. Vua kilicho kibichi kwanza, hata soksi, kisha ndipo upige gumzo. Mtumieni ujumbe yule wa nyumbani. Bondeni humo mtandao ni dhaifu, kwa hiyo mkikosa, simameni mji wa kwanza wenye mtandao mumtumie kabla ya saa aliyoambiwa.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Vidole vya mikono havina hisia. Usivisugue. Zungusha mkono mzima kwa nguvu kama unatwanga mara ishirini ili damu ishuke, kisha viweke kwapani, ndani ya nguo. Vikirudi vitauma sana, na hiyo ni dalili njema. Vile vifuko vya kemikali vya joto vinahitaji hewa na dakika kadhaa kuamka, kwa hiyo vifungue kabla ya kuvihitaji.

Vidole vya miguu ni baridi. Legeza buti kwanza. Mara nyingi ni kubanwa tu. Kisha kula na utembee. Soksi zikiwa mbichi, badilisha ukiwa umekaa juu ya mkeka na mwenzako amekukinga upepo.

Doa shavuni, puani au sikioni. Vitabu vingi husema tafuta wekundu au weupe. Kwenye ngozi yetu doa huonekana la kijivu kama majivu, au limepauka kuliko pembeni yake, na likiguswa ni gumu kama nta. Mwenye nalo halijui, kwa hiyo tazamaneni usoni kila mkisimama. Weka kiganja chenye joto juu yake hadi rangi irudi, na mgeuke kurudi msituni. Usipake theluji, usisugue. Vaselini hulainisha ngozi tu, haizuii kuganda.

Mtu anadondosha vitu, anajikwaa, ananung'unika, ulimi mzito. Ubaridi umeingia mwilini. Msimuulize kama yuko sawa, atasema ndiyo. Mtoe kwenye upepo, akae juu ya mikeka, badilisha fulana mbichi, jaketi nene, chai yenye sukari kama anaweza kushika kikombe mwenyewe. Akitetemeka na kuongea vizuri, mtembezeni kushuka pole pole. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa, au hajui yuko wapi, alazwe ndani ya mfuko wa kulalia, asitembezwe, na mpige 911.

Theluji inaganda chini ya maikrospaiki. Unahisi umevaa viatu vya kisigino. Ni theluji laini ya mchana. Gonga upande wa buti kwa fimbo kila hatua chache, au badilisha uvae viatu vipana.

Hatuoni njia. Alama za rangi kwenye miti huenda zimefunikwa, na upepo hufuta nyayo mahali miti ilipoisha. Simameni wote. Mmoja asiende kutafuta peke yake. Rudini kwa nyayo zenu wenyewe hadi mahali mlipokuwa na hakika, na kama hamzioni, tumieni ramani na dira mkiwa pamoja. Firimbi mara tatu ni wito wa msaada.

Miwani inaingia ukungu. Pumzi inapanda kutoka kwenye kitambaa. Kishushe chini ya pua kwa dakika moja, punguza mwendo. Usiiweke miwani juu ya boshori, jasho la kichwa litaijaza maji na itaganda.

Simu imezima. Iweke tumboni, ndani ya nguo, dakika kumi kabla ya kuiunganisha na pawabenki iliyokaa mahali hapo hapo. Pawabenki iliyoganda haichaji kitu.

Giza limetukuta. Tochi zote ziwashwe, mwendo ushuke, mkia ahesabu watu kwa sauti kila baada ya dakika tano. Njia ile ile mliyopandia ndiyo ya kushukia, hata kama simu inaonyesha ya mkato.

Vifaa vimelowa. Usiku huo huo toeni soli za ndani za buti, ziachwe wazi mbali na hita, kwani joto kali hulegeza gundi. Maikrospaiki zioshwe kwa maji safi na kukaushwa kwa taulo, vinginevyo wiki ijayo zina kutu. Jaketi la manyoya litundikwe wala lisikunjwe, na chupa ya chai iachwe bila kifuniko.